Haki katika biashara ya dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima na wavuvi wa Tanga

Ukurasa huu ni wa wanachama wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) za mkonge na korosho, vikundi vya mwani vya Mkinga na Pangani, wakulima wa viungo wa Amani, wenye michungwa wa Muheza, na yeyote mkoani Tanga ambaye zao lake huishia nje ya nchi. Maswali ni yale yanayorudi kila mkutano. Mengine yana majibu mafupi, mengine hayafupishiki.

Tukisema biashara ya dunia si ya haki, tunalalamikia nini hasa?

Mambo matatu, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni bei: kiasi gani cha mkonge au korosho kinanunua trekta moja, dawa au lita ya dizeli, na kiasi hicho kinavyobadilika mwaka hadi mwaka. La pili ni kanuni: nani anaruhusiwa kutoa ruzuku, nani anatozwa ushuru, na nani anasikilizwa akishtaki. La tatu ni mgawanyo: katika kila shilingi anayolipa mlaji wa mwisho, ngapi zinarudi kwa aliyelima.

Watu wengi huanza na la pili kwa sababu ndilo linalotangazwa redioni. Sisi tunaona mkulima wa Tanga anapoteza zaidi kwenye la tatu, tena mahali panapojulikana: kwenye mizani, kwenye upangaji wa daraja, na kwenye gharama ya kuthibitisha kwamba zao lake ni safi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inazungumzia hayo.

Ushuru wa Ulaya ndio unaotuzuia?

Sivyo. Tanzania bado imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, ingawa Benki ya Dunia iliipandisha kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini Julai 2020. Hizo ni orodha mbili tofauti na huchanganywa kila siku. Kwa kuwa tumo katika ile ya kwanza, tangu 2001 bidhaa zetu huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru na bila kikomo cha kiasi, isipokuwa silaha na risasi. Uingereza ina mpango wake wa aina hiyo. China nayo iliondoa ushuru wote kuanzia 1 Desemba 2024 kwa nchi za kundi hili zenye uhusiano wa kibalozi nayo.

Hata hivyo msamaha hauji wenyewe. Shehena inayozidi thamani ya yuro 6,000 lazima itoke kwa msafirishaji aliyesajiliwa katika mfumo wa Ulaya wa uthibitisho wa asili ya bidhaa, na maneno ya tamko la uasili yaandikwe kwenye ankara kama yalivyopangwa. Chini ya kiasi hicho, msafirishaji yeyote anaweza kuandika tamko hilo. Tamko likikosewa, mnunuzi hulipishwa ushuru kamili kule bandarini, na mara nyingi atautoa kwenye malipo yako. Kwa hiyo kabla kontena halijafungwa, mwombeni mnunuzi rasimu ya tamko analolitaka, mlilinganishe neno kwa neno na lililo kwenye ankara yenu.

Basi kwa nini wanasema tunaadhibiwa tukisindika?

Kwa nchi nyingi zinazoendelea hilo ni kweli. Kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru itokako popote, lakini iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5 kwa nchi isiyo na msamaha. Kadiri unavyoongeza thamani, ndivyo ushuru unavyopanda. Sisi tuna msamaha, kwa hiyo kinachotuzuia kusindika ni umeme, mitaji, vifungashio na soko la uhakika. Tukumbuke pia kwamba ngazi ya namna hiyo tunayo wenyewe: ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa za nje ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, na bidhaa iliyokamilika ndiyo hutozwa zaidi. Kulinda viwanda si dhambi. Malalamiko yetu ni kwamba nchi zilizokwisha kutajirika zilijilinda hivyohivyo, kisha zikawa za kwanza kutuambia tuache.

Mkonge uliitajirisha Tanga. Nini kilitokea?

Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche 62 iliyosalimika safarini ndiyo iliyopandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza dunia. Kisha kamba ya plastiki ikaingia kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani, bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ikaanguka, na uzalishaji ukashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya kile cha 1964. Utaifishaji wa mashamba mwaka 1967 na uendeshaji mbovu uliofuata vilichangia, na asiyekubali hilo hasemi ukweli wote. Lakini anguko la bei lilizikumba hata nchi ambazo hazikutaifisha chochote.

Katika miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere aliipiga hesabu hiyo hadharani: mwaka 1965 trekta moja lilinunuliwa kwa tani 17.25 za mkonge, na mwaka 1972 trekta la aina ileile lilihitaji tani 42. Wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer walikuwa wameshaieleza hali hiyo tangu 1950. Nchi inayouza malighafi na kununua mashine hujikuta kwa muda mrefu inatoa zaidi ili ipate kilekile. Mashine ikiboreshwa, faida hubaki kwa waliounda na wafanyakazi wao. Mavuno yakiongezeka, wauzaji wote wa malighafi hushindana na bei huanguka. Mkulima hakufanya uvivu wowote katika hesabu hiyo.

Kwa nini singa zetu zinashushwa daraja, na tunawezaje kubisha?

Hapa tutakaa kidogo.

Jani la mkonge hutoa singa takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Robota moja la kilo 250 limebeba tani sita na robo za majani zilizokatwa, zikafungwa mafungu na kusombwa. Tofauti ya daraja moja kwenye robota ni tofauti ya malipo ya kazi yote hiyo, ndiyo maana daraja lisiamuliwe kwa kutupa jicho.

Mpimaji huangalia urefu, rangi, usafi na unyevu. Daraja la 3L, kwa mfano, ni la singa ndefu zenye kasoro ndogo za rangi, na UG ni zile zilizoshindwa kufikia madaraja ya juu. Kila kasoro ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho si mkulima. Singa zenye mabaka ya kahawia kwa kawaida ni za majani yaliyolala: jani likikatwa lifike kwenye korona, mashine ya kusaga majani, siku hiyohiyo, na lisizidi siku mbili, maana utomvu ukikauka hauoshwi ukatoka. Singa zenye vipande vya ngozi ya jani zimetoka kwenye korona ambayo visu vya pipa vimelika au nafasi kati ya visu na kitako imeachwa pana. Nafasi ikibanwa mno, singa hukatika na kuangukia kwenye singa fupi. Rangi ya kijani inayobaki baada ya kuanika ni dalili ya maji haba wakati wa kusaga. Harufu ya uvundo ndani ya robota ni singa zilizofungwa kabla ya kukauka. Unyevu usizidi asilimia 12 hivi.

Sasa angalieni nani anamiliki nini. Kama korona ni ya kiwanda na majani ni yenu, basi visu butu, foleni ya matrekta na pampu ya maji iliyokufa ni makosa ya kiwanda, lakini daraja likishuka analipa mwanachama. Mkataba wa usindikaji uandikwe hivi: jani lililofikishwa ndani ya muda uliokubaliwa na kupokelewa bila pingamizi, likilala kiwanjani kwa ubovu wa mashine, hasara si ya mkulima. Saa ya kupokea iandikwe kwenye risiti. Bila saa hiyo hakuna kesi.

Ulizeni pia singa fupi na mabaki ni ya nani. Asilimia 96 inayobaki haipaswi kuitwa taka: Hale ulijengwa mtambo uliozinduliwa 2008 wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge. Mkataba ukinyamaza, mabaki huwa ya mwenye korona bila kusemwa.

Mkibishana juu ya daraja, kila upande ushike sampuli iliyofungwa na kusainiwa na wote wawili, kisha suala lipelekwe Bodi ya Mkonge, ambayo makao yake yako hapa hapa Tanga. Robota likishapakiwa, hoja yenu imepakiwa nalo.

Na korosho? Mnunuzi anasema "inatoa pauni 44" na sisi hatuelewi.

Anasema uzito wa punje nzuri, kwa pauni, unaopatikana katika gunia la kilo 80 la korosho ghafi. Kipimo hiki hamhitaji maabara kukifanya. Chukueni kiganja kutoka juu, katikati na chini ya gunia moja katika kila kumi, mchanganye, mpime kilo moja kamili. Hesabuni idadi ya korosho. Zipasueni zote, mtoe punje na maganda yake ya ndani. Punje nzuri pimeni peke yake. Zenye madoa au zilizosinyaa kwa sehemu pimeni peke yake na mhesabu nusu ya uzito wake. Zilizooza, zenye ukungu na tupu ni sifuri. Jumlisheni gramu, mzidishe kwa 0.17637.

Mfano: punje nzuri gramu 250, zenye madoa gramu 40. Mia mbili na hamsini, jumlisha ishirini, ni 270. Zidisha kwa 0.17637, jibu ni pauni 47.6. Mnunuzi anayesema 44 baada ya hapo aoneshe kilo yake na mizani yake. Mizani iwe ya gramu, si ile ya kupimia nyama. Kosa linalojirudia ni kuchukua sampuli juu tu ya gunia, na kosa hilo hufanywa na pande zote mbili. Na korosho yenye unyevu unaozidi asilimia 10 itaota ukungu ghalani hata kama leo imepima vizuri, kwa hiyo anikeni kwanza.

Kikundi chetu cha mwani kinauza kwa mnunuzi mmoja tu. Hiyo ni haki?

Si haki, na chanzo chake ni kamba. Mnunuzi huwapa kina mama kamba, taitai (nyuzi za kufungia mbegu) na wakati mwingine mbegu kwa mkopo, kwa sharti kwamba mwani wote auziwe yeye kwa bei atakayotaja siku ya kununua. Huo ni mkopo wenye riba ambayo haikuandikwa popote. Kikundi kikiweza kununua kamba zake, hata nusu ya shamba, kinapata ulimi wa kuzungumzia bei. Wekeni akiba ya kamba kabla ya akiba ya kitu kingine.

Lakini kuna upande wa ubora ambao mnunuzi hutumia kuwabana, na hapo anaweza kuwa na haki. Mwani huvunwa baada ya siku 45 hivi. Ukiwahi, kiini chake kinachotumika kugandisha vyakula na dawa ya meno huwa hafifu. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja ya mkavu. Uanikwe juu ya vichanja, si mchangani, kwa sababu mchanga unaoshikamana haung'oki na mnunuzi atakata uzito kwa kubahatisha, na akibahatisha hubahatisha upande wake. Mvua ya dakika kumi juu ya mwani uliokaribia kukauka huuchuja na kuufanya mweupe, hivyo turubai likae karibu. Mwani uliokauka sawasawa hujikunja kama mpira bila kuvunjika, na punje za chumvi huonekana juu yake. Upukutisheni hiyo chumvi. Ikiachwa hunyonya unyevu wa usiku, na mwani mliolala nao ukiwa mkavu unaamka mbichi.

Kuhusu aina: mwani mnene una bei nzuri zaidi kuliko mwembamba, lakini hufa upesi maji ya pwani ya kina kifupi yanapopata joto, matawi yakageuka meupe na kukatika. Wanaoufuata wanalazimika kwenda kina kirefu, na huko kunahitajika chombo na ujuzi wa kuogelea. Mtu anayewaambia kina mama wapande mnene bila kuwaambia habari ya chombo hajawasaidia.

Machungwa ya Muheza yanauzwa Kenya. Mbona faida haionekani?

Kwa sababu ya lumbesa na kwa sababu ya haraka. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Gunia lililoshonewa kilemba likabeba 130 kwa bei ya 100 linamnyang'anya mkulima kilo 30. Magunia kumi, kilo 300. Wakala wa Vipimo wanapokea malalamiko ya namna hiyo, na halmashauri ina mamlaka juu ya maeneo ya kupakilia. Ukitilia shaka mizani, jaribu kwa katoni ya chupa 12 za maji za lita moja na nusu: maji peke yake ni kilo 18, na plastiki haifiki kilo moja. Mizani ikisoma 16, usiuze hapo.

Upande wa mpaka, machungwa yaliyolimwa hapa ni bidhaa ya Afrika Mashariki moja kwa moja na hayana ushuru wa forodha kwenda Kenya. Shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani hutumia cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa mpakani Horohoro, pamoja na cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wakulima wachache wanaojiunga na kukodi fuso moja wanaweza kufanya hivyo wenyewe. Kinachowaangusha wengi ni kuvuna kabla ya kupata mnunuzi wa upande wa pili. Chungwa lililokatwa halisubiri mazungumzo, na dalali analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Cheti cha kilimo hai kinatugharimu kuliko kinavyotuingizia. Tuendelee nacho?

Fanyeni hesabu kwanza, kwa sababu kanuni zimekazwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848 ilianza kutumika 1 Januari 2022, na kwa vikundi vya nje ya Ulaya kipindi cha mpito kimekwisha. Sasa kikundi lazima kiwe na usajili wa kisheria wa kwake, kisizidi wanachama 2,000, na wanachama wake wawe wakulima wadogo: shamba lisizidi hekta 5, au mauzo ya mwaka yasizidi yuro 25,000 na papo hapo gharama ya cheti kwa mtu mmoja ipite asilimia 2 ya mauzo yake. Kikundi kiwe na mfumo wake wa ukaguzi wa ndani unaomfikia kila mwanachama kila mwaka. Mkaguzi wa nje naye arudie angalau asilimia 5 ya wanachama na kuchukua sampuli kwa angalau asilimia 2.

Zamani kampuni inayonunua ndiyo iliyoshika cheti, na wakulima waliorodheshwa chini yake. Ukihama mnunuzi, cheti kilibaki naye. Sharti la kikundi kuwa na usajili wake limewaongezea mzigo, hilo ni kweli, lakini pia limewapa kitu ambacho hamkuwa nacho: cheti kikiwa cha kikundi, mnaweza kumwuzia mwingine. Mnunuzi akijitolea kulipia gharama zote, someni vizuri jina lililoandikwa juu ya cheti.

Mimea ya kudumu kama pilipili manga, mdalasini na karafuu inahitaji miaka 3 ya mpito kabla ya kuvunwa kama zao la kilimo hai, na ya msimu miaka 2. Katika miaka hiyo mnafuata masharti yote na mnauza kwa bei ya kawaida. Kama hakuna mnunuzi aliyejifunga kwa maandishi kununua mwishoni, msianze.

Kontena la pilipili manga lilirudishwa kwa sumukuvu. Kiwango chao si uonevu?

Kiwango cha Umoja wa Ulaya kwa pilipili manga ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aina ya B1, na 10 kwa jumla ya aina zote. Ni kikali, lakini sumukuvu huharibu ini na husababisha saratani, na mtoto wa Muheza anastahili kinga ileile. Uonevu tunaouona ni kwamba gharama yote ya kuthibitisha imewekwa mabegani mwa muuzaji, na mkulima mdogo hujua matokeo shehena ikiwa tayari imevuka bahari.

Kinga ni ukaushaji. Msivune mashuke yote kwa siku moja kama hamna mahali pa kuanika. Chovyeni kwenye maji ya moto kwa dakika moja au mbili ili yakauke upesi na kupata rangi nyeusi sawia, anikeni juu ya turubai safi au kichanja, tabaka jembamba, mgeuze mara kwa mara, mfunike kabla ya umande. Unyevu ushuke hadi asilimia 12 au chini yake kabla ya kutia guniani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa viuatilifu, dawa isiyowekewa kiwango maalumu kule Ulaya hupimwa kwa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo, ambacho ni kidogo kiasi kwamba bomba lililotumiwa jana kwenye nyanya za jirani linatosha kuharibu shehena. Kipimo cha maabara kifanyike kabla ya kupakia, kwa sampuli ya mzigo wenyewe, na nakala moja ibaki kwenu.

Fairtrade inasaidia?

Kwa kiasi. Faida kubwa ya cheti hiki cha biashara ya haki ni bei ya chini kabisa isiyoshuka soko linapoanguka: tangu Agosti 2023 kahawa ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa pauni, pamoja na senti 20 za nyongeza zinazokwenda kwa chama kwa matumizi ambayo wanachama wanayapigia kura. Udhaifu wake ni kwamba mnalipia cheti kwa mavuno yote huku mnunuzi akichukua sehemu tu kwa masharti hayo, na zinazobaki mnaziuza kama wengine. Kabla ya kujiunga ulizeni swali moja: mwaka jana vyama vya zao letu viliuza asilimia ngapi kwa masharti ya Fairtrade? Chini ya robo, tafakarini tena.

Kwa nini Tanzania ilikataa mkataba na Ulaya ambao Kenya imeusaini?

Kwa sababu hali zetu hazifanani. Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalikamilika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Tanzania ilisita, Bunge likaukataa Novemba mwaka huo, na Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa. Hoja ilikuwa rahisi: sisi tayari tunaingia Ulaya bila ushuru, kwa hiyo mkataba ungetutaka tufungue soko letu hatua kwa hatua ili tupewe tulichonacho. Kenya ndiyo pekee katika jumuiya isiyomo kwenye orodha ya nchi zilizo nyuma zaidi, na bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru. Ikaingia peke yake, na mkataba wake ukaanza kazi 1 Julai 2024.

Tunaona uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa wakati wake, ila una tarehe ya mwisho. Siku Tanzania itakapotoka kwenye orodha, msamaha utaendelea kwa kipindi cha mpito cha miaka 3, kisha ukome.

Tukiamua kulinda viwanda vyetu, nani anatuzuia?

Tazameni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa polepole ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikaanza kuchunguza kama tunastahili kubaki kwenye AGOA, mpango wa 2000 unaosamehe ushuru. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 ikasimamishiwa msamaha wa nguo. Upendeleo unaotolewa na mmoja unaweza kuondolewa na huyohuyo. Muda wa AGOA wenyewe uliwahi kwisha 30 Septemba 2025, kwa hiyo anayeuza Marekani asipange bei bila kuuliza ushuru wa siku hiyo.

Shirika la Biashara Duniani si ndilo mahakama yetu?

Lilikusudiwa liwe hivyo. Lilianza 1 Januari 1995, maamuzi hufanywa kwa makubaliano ya wote, na nchi ndogo inaweza kushtaki kubwa. Brazil ilishinda kesi ya ruzuku ya pamba dhidi ya Marekani mwaka 2005, wakati Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilikuwa zimelipeleka suala hilohilo mezani tangu 2003. Mwaka 2015 mkutano wa Nairobi uliamua kuondoa ruzuku za kusafirisha mazao ya kilimo. Lakini baraza la rufaa limekwama tangu Desemba 2019, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa majaji. Anayeshindwa akikata rufaa, kesi hubaki hewani.

Kwa wavuvi kuna habari moja ya maana: mkataba wa kuzuia ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki waliovuliwa kupita kiasi ulianza kutumika 15 Septemba 2025. Meli zinazopewa ruzuku huku zikivua kiharamu au zikivua samaki waliokwisha kupungua ndizo zinazolengwa.

Soko huru la Afrika lipo kweli?

Lipo kisheria tangu 30 Mei 2019, na Tanzania imeliridhia. Kwa Tanga maana yake ni kwamba kamba, mazulia na magunia ya mkonge yanaweza kutafuta soko nje ya Afrika Mashariki na SADC. Bandari yetu sasa ina gati la mita 450 na kina cha mita 13. Kabla ya hapo meli zilitia nanga mbali na mzigo ukafuatwa kwa matishari, ukapakiwa na kupakuliwa mara mbili, na gharama hiyo ilikuwa ikirudi kwenye bei ya mkulima bila kutajwa. Mkiuziana na mnunuzi sasa, ulizeni kama anawakata gharama za usafiri za Dar es Salaam au Mombasa wakati mzigo unaondokea hapa.

Mkataba wa mauzo usikose nini?

Jina kamili la zao na daraja lake. Uzito, na uzito wa wapi: ghalani Tanga au bandarini kwa mnunuzi. Hili la pili ndilo linaloumiza, kwa sababu mwani na korosho hupungua njiani, na mkataba unaosema "uzito wa kufika" unamfanya mkulima abebe hata unyevu uliopotelea baharini. Andikeni uzito wa kupakia, wenye cheti, na asilimia ya upungufu mnayokubali. Andikeni nani anapima ubora, lini, na sampuli ya pili inakaa kwa nani. Andikeni siku za malipo kwa tarakimu. "Baada ya kuuza" si tarehe. Kama malipo ni ya dola, andikeni kiwango cha kubadilishia ni cha siku gani na cha benki gani. Na wekeni muda wa mnunuzi kulalamika, tuseme siku 14 tangu mzigo ufike, ili asije miezi mitatu baadaye na picha za ukungu kutoka ghala ambalo hamjui paa lake likoje.